AFP ya baba ni 620: je, ndiyo basi?

Pole sana dada. Umeuliza kama AFP ya 620 na uwiano wa nyutrofili kwa limfosaiti (aina mbili za chembe nyeupe za damu) wa 5 vina maana kwamba baba yako, mgonjwa wa saratani ya ini, hana muda. Namba mbili peke yake hazisemi hivyo. AFP ni protini ambayo mara nyingi hutolewa na uvimbe wa saratani ya ini. Ikivuka nanogramu 400 kwa mililita, madaktari huhesabu ugonjwa kuwa mkali zaidi. Lakini mimi naangalia zaidi mwendo wake: ikishuka baada ya matibabu, ni dalili njema. (Na wapo wagonjwa ambao AFP yao haipandi kabisa.)

Huo uwiano usikunyime usingizi kwanza. Ukiwa juu huendana na matokeo mabaya, kweli, ila hata nimonia au dawa za steroidi huupandisha. Alikuwa na homa siku aliyotolewa damu? Mwambie daktari.

Muulize pia kuhusu bilirubini (rangi ya njano ya damu ambayo ini huiondoa), albumini (protini inayotengenezwa na ini), maji tumboni, na kama uvimbe umeingia kwenye mshipa mkubwa wa ini. Hayo ni kati ya mambo yanayoamua tiba. Na AFP irudiwe maabara ileile.