Nilificha Kinywa Changu, Pilau Ikanitangaza

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa binti wa Sengerema ambaye, kama wengi wenu mnaonisoma, anataka kuishi kwa kupikia shughuli. Ameeleza kwamba tangu alipougua korona ulimi wake umekuwa kama kipande cha turubai, kinywa kinamkauka hata anapotoka kunywa maji, na bosi wake bado hajaambiwa. Jambo hilo la mwisho ndilo lililonikalisha chini kuandika, kwa sababu mimi pia nilificha.

Niliugua Julai 2021, mwezi ambao chanjo ya korona ilizinduliwa nchini. Homa na kikohozi sitavisimulia. Wiki mbili baada ya kujiona nimepona nilikuwa Kirumba, jijini Mwanza, nikipikia harusi ya watu mia tatu. Sato walitoka vizuri, kwa kuwa samaki wa kukaanga hupimwa kwa macho na kwa mlio wa mafuta. Pilau ndiyo iliyoniumbua. Nilidondoshea mchuzi kiganjani, kama nilivyofanya kwa miaka kumi na moja, nikalamba, nikakuta maji ya moto. Nikaongeza chumvi, nikalamba tena, maji ya moto yale yale. Msaidizi wangu aliutazama mkono wangu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, hiyo ni mara ya tatu." Nilimjibu kwa ukali kwamba kupika amejifunzia kwangu.

Mama wa bwana harusi aliingia jikoni na sahani yake, akauliza mbele ya wasaidizi wote, "Mwanangu, pilau hii mmeipikia maji ya ziwa au ya bahari?" Salio sikulipwa, na sikuwa na uso wa kulidai.

Nilikuwa nikijidanganya kwamba tatizo ni pua tu na litapita. Ni kweli kwamba pua isiyonusa hukiondolea chakula sehemu kubwa ya ladha yake, lakini chumvi, utamu, uchachu na uchungu huhisiwa na ulimi wenyewe, nao korona huweza kuugusa. Kirusi huingia katika seli kupitia vipokezi viitwavyo ACE2, ambavyo vimo pia kwenye ulimi, fizi na tezi za mate. Utafiti uliochapishwa Machi 2021 katika jarida la Nature Medicine ulionyesha kwamba kirusi hicho huambukiza seli za tezi hizo. Wagonjwa wengine hukaukwa na mate, wengine hutokwa na vidonda, na mimi nilivipata vyote viwili.

Kosa lililonigharimu zaidi nililifanya nyumbani, wala si Kirumba. Kwa hamu ya kuhisi chochote, nilikuwa natafuna limau na tangawizi kila asubuhi, kama tulivyoelekezana mitaani enzi za nyungu. Sikujua kwamba mate ndiyo yanayopunguza makali ya asidi, yanayoosha mabaki ya chakula na kuyarudishia meno madini yake, kwa hiyo limau kwenye kinywa kikavu linakwangua meno yasiyo na mlinzi. Baada ya miezi kadhaa maji ya baridi yalianza kunichoma. Daktari wa meno alinishikia kioo kidogo, nikaona meno yangu ya mbele yamelika kingo na gego la chini limetoboka kiasi cha kung'olewa. Kisha alinikwangua ulimi, utando mweupe ukatoka kama maziwa yaliyoganda: fangasi, ambao antibayotiki nilizojinunulia dukani bila kuandikiwa huenda ndizo zilizowafungulia mlango. Nilipewa nistatini ya maji ya kusukutua.

Basi, binti yangu, nenda kwa daktari wa meno. Kunywa maji kidogo kidogo kutwa nzima, piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floridi, na limau lako linuse badala ya kulitafuna. Nasema kunusa kwa sababu yapo mazoezi ya pua: karafuu, limau, mkaratusi na waridi, kila kimoja kama sekunde ishirini, asubuhi na jioni, kwa miezi. Waridi sikulipata, nikaweka iliki. Karafuu ndiyo iliyotangulia kurudi, tena kwa mbali, kama inayochemshwa nyumba ya jirani, na nililia juu ya kikopo chake.

Na mwambie bosi wako leo. Ninyi mnaotaka kuitwa wapishi wakubwa mna tabia ya kudhani kwamba anayekiri udhaifu atanyang'anywa mwiko, ilhali mwiko hunyang'anywa anayewalisha watu chumvi kwa kiburi chake. Semeni mapema. Muoneni daktari mapema. Wala usiniambie kwamba kivuko kinachelewesha, kwa maana daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na kutoka Sengerema hadi mjini ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Siku hizi chumvi huonjwa kwanza na msaidizi wangu, nami hufuata. Mama wa bwana harusi bado tunakutana sokoni Kirumba. Husimama kwa kila muuza dagaa akawajulia hali, kisha hunipita.