Mwanafunzi hodari haongezewi maswali, huongezewa kina

Mwalimu, umeuliza umpe nini msichana wa kidato cha tatu anayemaliza kazi kabla ya wenzake na anayetaka uuguzi au ustawi wa jamii. Usimrundikie maswali yale yale, atachoka bure. Mpe kisa kimoja kwa wiki mbili: mzee wa Kayole, Nairobi, mwenye kisukari, anajidunga insulini, anaishi peke yake, hana friji. Aandike ukurasa mmoja tu: nani afanye nini, na kwa nini.

Wanafunzi hodari hukwama hapa: wanataja dawa, wanamsahau mtu. Mwulize dawa itakaa wapi. Aligundue mwenyewe kwamba chupa ya insulini isiyofunguliwa hutaka nyuzi joto 2 hadi 8 za Selsiasi, na mtungi wa udongo hupoza lakini haufiki hapo. Basi akiba ikae zahanati, mzee abaki na chupa anayotumia, na mhudumu wa afya ya jamii ampitie.

Usisahau alama. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi wa Kenya nafasi za vyuo, hupima masomo 4 ya kozi, si wastani pekee. Kemia ikiyumba, hata A- ya jumla huenda isimfae kwa uuguzi. Akienda kujitolea kituo cha afya, majina ya wagonjwa yasiingie daftarini.