Malagarasi usiende masika

Dada, umeuliza kama Machi inafaa kwenda kuangalia ndege bonde la Malagarasi, magharibi mwa Tanzania. Haifai, masika huko ni tope tupu. Subiri Julai hadi Oktoba. Maji yakipungua, ndege wanajazana kwenye madimbwi yaliyobaki. Yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu yupo, ila anajificha kwenye mafunjo. Anaweza kusimama muda mrefu bila kutikisika akivizia samaki aitwaye kamongo, ukadhani kisiki! Nzohe, swala wa kwenye vinamasi, nao wamo humo humo, utawaona mtumbwi ukienda polepole. Nguo nyeusi na za buluu ziache nyumbani, mbung'o wa misitu ya miyombo wanazipenda mno. Treni ya Kigoma inapita Uvinza, shukia hapo utafute gari.