Refa akitaka kuingia uwanjani

Mwanangu,

Kigoma hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umechambua filamu za watu kwa miaka sita, sasa mtayarishaji mmoja hapo Dar anataka umwandikie skripti, nawe unaogopa: refa akiweka filimbi chini akaingia kucheza, nani atamwamini tena?

Unaikumbuka The African Queen tuliyoitazama ulipokuja likizo? Ulicheka sana kuona Mto Ulanga unamwaga maji ziwani, wakati Ulanga wa Morogoro unakwenda Rufiji na baharini. Lawama hiyo mpe C. S. Forester, mwenye riwaya iliyozaa filamu hiyo. Meli ya Wajerumani inayowindwa mle imetokana na Graf von Götzen, ndiyo hii Liemba yetu: Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927. Sasa nikuambie ambacho siku ile sikukuambia. Skripti ile aliiandika mhakiki wa filamu, James Agee, pamoja na muongozaji John Huston.

Agee alianza uhakiki katika jarida la Time la Marekani mwaka 1941, bila jina lake kuchapwa. Mwaka uliofuata akaongeza gazeti la The Nation, na huko jina likaonekana. Mshairi W. H. Auden, ambaye sinema zenyewe hazikumvutia, aliliandikia gazeti hilo mwaka 1944 kuisifu safu yake. Mwaka 1947 wengi walipoiponda filamu ya Chaplin, Monsieur Verdoux, Agee aliitetea katika makala tatu. Hakuwa mtu wa kufuata upepo.

Kuhusu filimbi yako: safu zote mbili aliziacha mwaka 1948. Ila mwaka 1950 aliandika makala ndefu katika jarida la Life kumsifu Huston, na muda si mrefu wakawa mezani pamoja na skripti. Hapo mimi namlaumu. Moyo wake huenda ulikuwa safi, lakini msomaji angejuaje?

Kilichomsumbua hasa si heshima. Uhakiki ni wako tangu neno la kwanza hadi nukta. Skripti ni mbao tu, anayeunda mtumbwi ni mwingine. Mapema 1951 alipata shambulio la moyo akiwa California, na mwisho wa hadithi ukamaliziwa na wenzake. Huston na mwigizaji mkuu Humphrey Bogart wakaja kupiga picha Kongo na Uganda, yeye kabaki Marekani. Bogart akapata Oscar. Agee na Huston waliteuliwa kwa skripti, wakatoka mikono mitupu.

Kisha ikaja filamu ya The Night of the Hunter. Alimkabidhi muongozaji wake, Charles Laughton, skripti ya kurasa 293! Ukurasa mmoja ni kama dakika moja ya filamu, piga hesabu mwenyewe. Laughton akakata na kukata, na kwa miaka mingi watu wakasimulia kuwa kazi ya Agee ilitupwa, kwamba ulevi ulikuwa umemharibu. Baadaye sana rasimu ile ya kwanza ilipopatikana, ikaonekana filamu inaifuata karibu tukio kwa tukio. Mwenyewe hakuwepo kujitetea. Alifia ndani ya teksi New York, Mei 1955, akiwa na miaka 45, filamu haijatoka. Ilipotoka, watazamaji waliikwepa. Leo inahesabiwa miongoni mwa bora za Marekani.

Kwa hiyo andika, mwanangu. Waambie wasomaji wako mapema, na filamu za mtayarishaji huyo usizichambue tena, hata akikuudhi. Hasa akikuudhi. Rasimu yako ya kwanza uitunze mahali pako, iwe na tarehe.

Mama yako ameuliza swali moja tu: malipo ya awali yameandikwa kwenye mkataba, au ni ya mdomo? Mjibu yeye kwanza.

Baba yako