Diskete za papa, laptopu ya mtoto: maswali yenu na majibu

Jambo yenu. Maswali ya ordinatere za zamani yamekuwa mengi, leo najibu zile zinazohusu kitu kimoja tu: namna ya kutoa vitu mu diskete na kuviingiza mu laptopu, ao kuvirudisha. Hapa Lubumbashi tuko na bahati ya ajabu kidogo, juu mashini zinatufikia toka pande mbili. Kuko zile walizoleta wazee waliosoma ao kufanya kazi Ubelgiji na Ufaransa miaka ya 80, Commodore, Amstrad, Amiga, na kuko zile zilizopitia Zambia na Kasumbalesa, Spectrum hasa. Kila moja na dawa yake, usichanganye.

"Yaya, papa yetu aliacha Commodore 64 na lekteri yake ya 1541 (kile kisanduku kinachosoma diskete) na katoni ya diskete zile kubwa laini. Nimenunua kabule, upande mmoja kichwa cha mviringo upande mwingine USB, lakini laptopu haioni kitu. Shida iko wapi?" (kijana wa Kamalondo)

Mudogo wangu, laptopu iko sawa, ni ile kabule. Kichwa kinaingia vizuri lakini ndani hakuna kitu kinachojua kuongea luga ya Commodore, ni nyaya tu, na ile lekteri haiko kitu cha USB hata kidogo. Lakini ngoja kwanza nikuambie kitu ambacho watu wengi hawajui: hauhitaji kuunganisha Commodore yenyewe. Unaunganisha lekteri. Ile 1541 ni ordinatere nzima, ndani iko na prosesa yake ya 6502 na memori yake ya kilobaiti 2. Kwa hiyo C64 inaweza kubaki mu kabati, hata kama imekufa, diskete zitasomeka.

Kinachotakiwa ni kadi ndogo inaitwa ZoomFloppy, inakaa kati ya USB ya laptopu na lekteri, na programu ya bure inaitwa OpenCBM. Zima lekteri, unganisha, washa, kisha mu dirisha la amri ya laptopu andika *cbmctrl detect*. Ikijibu na jina ya 1541 basi mumesalimiana. Halafu *d64copy 8 papa1.d64* na unaacha ifanye kazi. Ile 8 ni namba ya lekteri. Faili inayotoka, ile D64, ni picha ya diskete, yaani kopi yake nzima mu faili moja. Iko na baiti 174,848 kamili, juu diskete iko na sekta (vipande vya data) 683 na kila moja baiti 256. Ukiona faili ndogo kuliko hiyo ujue haikumaliza.

Kama uko na tuua (ordinatere ya mezani) ya zamani yenye tundu ya imprimanti, ile ya pini 25, unaweza kutumia kabule ya bei ndogo inaitwa XA1541 ao XM1541, hata mtu wa kuchomelea nyaya pale kwenu anaweza kuitengeneza ukimpa mchoro. Lakini adapta ya USB kwenda imprimanti haitafanya, usijaribu, OpenCBM inataka kushika pini za ile tundu yenyewe moja kwa moja na ile adapta haiwezi kuiruhusu. Watu wanatupa franga zao pale kila siku.

Na kama ni michezo ya original yenye ulinzi wa kopi, D64 haitatosha, tafuta programu ya nibtools, yenyewe inatoa G64, picha inayobeba na ule ulinzi. Kwa barua za papa, hesabu zake, programu zake za BASIC, D64 inatosha kabisa.

"Kwetu Katuba delestaji (kukatiwa umeme) haina saa. Niko na C64 inafanya kazi na nataka kuweka stabilizateri ili isiungue. Ni ya ngapi watts?"

Stabilizateri ni mzuri kwa frigo, weka tu, haitadhuru, lakini kwa C64 ugonjwa hautoki ku umeme wa njia, unatoka ndani ya transfo yake mwenyewe, lile tofali jeusi. Ndani yake kuko regulata ya volti 5 ambayo wamemwagia rezini yote, joto haina pa kutokea, miaka inapita, siku moja regulata inaacha na badala ya kukata inapandisha volti, na zile chipu za memori zinakufa kwa sekunde. Unawasha, skrini nyeusi, umemaliza.

Kabla ya kuwasha chukua multimeta. Kichwa chenye pini 7: pini 2 ni masi (ardhi ya umeme), pini 5 ni volti 5, pini 6 na 7 ni volti 9 za umeme wa kubadilika. Ukisoma zaidi ya 5.2 pale ku pini 5, weka lile tofali kando na usirudie tena kulitumia. Na hata ukisoma 5 kamili leo haiko ahadi ya kesho, kwa maoni yangu yale matofali ya kwanza yote yanapaswa kustaafu, nunua mpya ya kisasa ao weka kile kikatio kidogo kinachokata volti ikipanda.

Kwa delestaji kuko jambo moja kwa wenye lekteri: umeme ukikatika na diskete iko ndani, itoe mbele umeme haujarudi. Hata kitabu cha 1541 kinasema usiwashe wala kuzima na diskete ndani, juu ile sekunde ya kuwaka kichwa kinaweza kuandika uchafu. Na funika lile pengo dogo la pembeni ya diskete na karatasi ya gundi ili isiandikike. Angalia vizuri hapa: diskete kubwa ya inchi 5.25 inalindwa ukifunika, ndogo ya inchi 3.5 inalindwa ukifungua tundu. Ni kinyume, na watu wameharibu vitu juu ya hiyo.

"Nimenunua lekteri ya diskete ya USB juu ya Amiga 500 ya mukubwa wangu. Inasoma diskete za Windows vizuri, za Amiga inaniambia nifanye formati. Nifanye?" (dada wa Bel-Air)

HAPANA dada, usifinye pale! Ukikubali formati umefuta.

Lekteri ya USB haina kosa, imezaliwa hivyo, inajua diskete za PC za kilobaiti 720 na megabaiti 1.44 basi. Amiga yenyewe inaandika traki nzima (mduara mmoja wa diski) kwa mara moja, sekta 11 zimebanana bila nafasi kati yake, njo inapata kilobaiti 880 ku diskete ambayo PC inapata 720. Ile chipu ya ndani ya USB ikitafuta alama zake za kuanza sekta haizioni, inasema diskete haina kitu. Hakuna programu ya kuitibu, juu lekteri yenyewe haikupi nafasi ya kuona kilicho chini.

Unachotaka ni Greaseweazle. Ni kadi ndogo ya USB ambayo haiulizi formati, inapima tu muda kati ya kila mageuzo ya sumaku mu diskete na kumpa laptopu yote, laptopu njo inafasiri. Kwa hiyo kadi moja inasoma Amiga, Atari ST, PC, na vingine vingi. Inashikamana na lekteri ya kawaida ya tuua ya zamani, ile yenye kabule pana ya nyaya 34. Lekteri hizo pita kwa warekebishaji wa commune ya Kenya, zinalala chini ya meza zao na wengi watakupatia kwa bei ya kinywaji. Ya inchi 3.5 inakula volti 5 peke yake, ya inchi 5.25 inataka na volti 12 pia kwa hiyo uwe na alimentasyo (kisanduku cha umeme) ya tuua.

Halafu *gw read --format=amiga.amigados mukubwa1.adf*. Faili nzima, ile ADF, picha ya diskete ya Amiga, ni baiti 901,120. Traki moja ikikataa, safisha kichwa cha lekteri, rudia, jaribu hata lekteri ingine, kila lekteri iko na kichwa chake kilichokaa kidogo tofauti na mara nyingi ya tatu inasoma kile ambacho mbili zimekataa.

"Diskete zangu zimekuwa na vidoti vyeupe. Naweza kusoma tu?"

Hapa nikae kidogo juu hapa njo vitu vinapotea. Ile ni ukungu. Mvua yetu toka Novemba mpaka Machi na katoni chini ya kitanda, inazaliwa tu. Ukiingiza diskete ya hivyo mu lekteri, ule ukungu unakuwa kama mchanga kati ya kichwa na diski, unakwangua ule udongo wa kahawia wenye data, na kichwa kikishachafuka kinakwenda kukwangua na diskete inayofuata ambayo ilikuwa nzima.

Shika diskete ya 5.25 mbele ya dirisha, geuza diski kwa vidole pale katikati, polepole, na angalia ile nafasi ndefu mwanga ukigonga pembeni. Nzuri inangaa kote sawa. Yenye ukungu unaona madoa ya kijivu yanapita, wakati mwingine kama nyuzi za buibui. Ikiwa na mduara unaoonekana hadi upande wa pili, pale udongo umekwisha, hakuna dawa.

Yenye madoa tu inatibika. Kata ukingo wa juu wa mfuko na mkasi, toa diski, shika pembeni na katikati tu, usiguse uso. Pamba na alkoli ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, bila marashi, pangusa upole pande zote mbili, badilisha pamba ikichafuka. Anza na diskete ambayo hauipendi. Acha ikauke vizuri kabisa. Halafu iingize mu mfuko msafi wa diskete ingine uliyoitoa sadaka, juu ule mfuko wa kwanza kitambaa chake cha ndani kimejaa ukungu vilevile. Soma mara moja, fanya picha (ile faili ya kopi), na usiitumie tena. Baada ya kila diskete pangusa kichwa cha lekteri.

Na tumia masikio. Lekteri ikianza kulia sauti nyembamba kama gurudumu bila mafuta, toa diskete mara moja, usingojee imalize.

Neno hili ni kwa wote: picha kwanza, kucheza baadaye. Mashini inaweza kungoja mwaka mwingine mu kabati, diskete haingoji.

"Papa alikuwa agent wa Gécamines (kampuni ya madini), alirudi toka Ulaya na Amstrad CPC 6128 mwaka 1986. Diskete zake ni za inchi 3, ngumu, ndogo. Nikiweka, inasema hakuna diski." (mama wa Makomeno)

Mama, karibu hakika ni mukaba. Ndani ya ile lekteri mota inazungusha diski kwa mukaba wa mpira, na mpira wa miaka hiyo unalegea ao unayeyuka unakuwa kama lami. Mota inalia, diski imesimama, mashini inaona hakuna kitu. Mukaba mpya ni kitu kidogo, lakini ile lami safisha yote kwanza na alkoli. Na usitenganishe ordinatere na skrini yake, juu umeme wa volti 5 na 12 unatoka ku skrini.

Kupeleka ku laptopu njia ninayopenda mimi ni kuunganisha lekteri ya inchi 3.5 nyuma kama B, CPC yenyewe inakopi toka A kwenda B, kisha ile ya 3.5 unaisoma na Greaseweazle. Ya USB itakataa, juu Amstrad inapatia sekta zake 9 namba toka C1 mpaka C9 na PC inatafuta toka 1. Tumia diskete za 720, zile zenye tundu moja. Na kama mtu anataka kubadilisha lekteri ya ndani, apime volti na multimeta mbele, ku Amstrad 5 na 12 zimegeuzwa ukilinganisha na PC, na lekteri ikichomeka kinyume inaungua hapohapo.

"Spectrum yangu ilitoka Kitwe, iko na kaseti tu. Natoaje?"

Wewe njo unapata rahisi kuliko wote. Radio kaseti nzuri, waya ya sauti toka ku tundu ya ekuta (visikilizio) hadi ku tundu ya mikro ya laptopu, rekodi kama WAV, kisha programu inageuza kuwa TZX, faili ya kaseti za Spectrum. Bluetooth hapana, inabana sauti na kuharibu. Sauti ikiwa kama imezibwa, kuko parafujo ndogo karibu na kichwa cha kaseti, igeuze polepole mpaka usikie kali. Kurudisha ni hivyohivyo, simu inacheza faili ndani ya tundu ya EAR, voliyumu juu kabisa, mchezo wa 48K unachukua dakika 4 ao 5 hivi.

"Niko na ADF nyingi za intaneti, sitaki diskete tena. Gotek itasoma na diskete zangu za zamani?"

Kusoma diskete hapana, Gotek haina hata pa kuingiza diskete. Inachukua nafasi ya lekteri na inacheza picha toka ku flashi disk. Weka ndani yake programu ya FlashFloppy, ni ya yule yule Keir Fraser aliyetengeneza Greaseweazle, flashi disk iwe na formati ya FAT32, na Amiga yako itaona kama lekteri ya kweli. Ku CPC inakubali pia, na faili za DSK, picha za diskete za Amstrad. Ku Commodore 64 usinunue Gotek, haishikamani na ile laini ya 1541, pale chukua SD2IEC, kadi inayocheza picha toka ku kadi ya SD, na kama unataka na michezo yenye ulinzi basi Pi1541, inayotaka Raspberry Pi.