Mliuliza kuhusu Kombe la Billie Jean King

Tangu Italia itetee ubingwa wake huko Shenzhen, China, Septemba 2025, wasomaji wengi mmeniuliza kuhusu mashindano haya ya tenisi ya timu za taifa za wanawake. Leo nayajibu yale yaliyojirudia zaidi.

Hili ndilo lile tulilozoea kuliita Fed Cup? Na huyo Billie Jean ni nani hasa? (Msomaji, Arusha)

Ndilo. Lilianza mwaka 1963 kwa jina la Federation Cup, likafupishwa kuwa Fed Cup mwaka 1995, na Septemba 2020 likapewa jina la Billie Jean King wa Marekani.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa kuliko kombe. Wanaume walikuwa na Kombe la Davis tangu 1900. Mwaka 1919 bingwa wa Marekani, Hazel Wightman, alipendekeza wanawake nao wapate mashindano yao ya mataifa, lakini hakuungwa mkono. Akaishia kutoa kombe lililokuwa likigombewa na Marekani na Uingereza tu, kuanzia 1923. Wanawake wa nchi nyingine walisubiri miaka mingine arobaini.

Hatimaye, mwaka 1963, timu 16 zilikutana Queen's Club, London. Mvua ikanyesha, mechi zikaondolewa kwenye nyasi na kuhamishiwa ndani, juu ya sakafu ya mbao. Zawadi ya fedha haikuwepo na kila timu ilijilipia gharama zake. Fainali ikawa Marekani na Australia, matokeo yakawa 1-1, ikabaki mechi ya wawili wawili, yaani wachezaji wawili kila upande. Upande wa Marekani alisimama Darlene Hard na msichana wa miaka 19 aliyeitwa Billie Jean Moffitt. King ni jina alilolipata baadaye kwa ndoa. Walipoteza seti ya kwanza 3-6 mbele ya Margaret Smith na Lesley Turner, wakaipigania ya pili mpaka 13-11, wakamaliza ya tatu 6-3.

Katika maisha yake yote ya kombe hili, Billie Jean alishinda mechi 52 kati ya 56. Nje ya uwanja, mwaka 1973 aliongoza kuundwa kwa chama cha wachezaji wa kike wa kulipwa, WTA, na mwaka huohuo US Open, mashindano makubwa ya wazi ya Marekani, ikaanza kuwalipa wanawake sawa na wanaume. Kwa maoni yangu hakuna jina lingine lililostahili kuandikwa kwenye kombe hili.

Pambano moja lina mechi ngapi? (Msomaji, Kisumu)

Kwenye hatua ya fainali ni tatu. Wanaanza wachezaji namba mbili wa kila nchi, wanafuata namba moja, kisha wawili wawili. Mwenye mechi mbili ndiye mshindi. Nahodha hukaa kwenye benchi pembeni mwa uwanja na kuzungumza na mchezaji wake kila wanapobadilishana upande.

Jambo ninalowaomba muliangalie ni ile mechi ya tatu. Nchi inaweza kuwa na nyota wa dunia na bado ikatolewa kwa sababu haina wawili wanaoelewana. Novemba 2024 kule Málaga, Hispania, kwenye nusu fainali, Poland ilikuwa na Iga Świątek. Alimfunga Jasmine Paolini wa Italia kwa shida, seti tatu, matokeo yakawa 1-1. Muda mfupi baadaye wote wawili walirudi uwanjani, Świątek akiwa na Katarzyna Kawa, Paolini akiwa na Sara Errani, mama mtu mzima kimichezo, miaka 37. Errani hana nguvu za kuutisha ulimwengu, na mpira wake wa kuanzisha ni wa polepole kiasi cha kumpa mpinzani hamu ya kuuvamia. Lakini anajua asimame wapi. Italia wakashinda 7-5, 7-5, na siku mbili baadaye wakawafunga Slovakia kwenye fainali. Paolini, kwa wasiojua, ana damu ya Ghana kwa babu yake mzaa mama.

Mchezaji anaweza kubadili nchi? (Msomaji, Mombasa)

Kanuni ya leo ni ngumu: ukishaichezea nchi moja, kuhamia nyingine kunahitaji ruhusa maalumu. Lakini yupo mmoja aliyelitwaa kombe kwa nchi mbili, na habari yake inafaa isimuliwe taratibu.

Mwaka 1975, Martina Navratilova wa Czechoslovakia alikuwa na miaka 18. Aliisaidia nchi yake kulichukua kombe kwa mara ya kwanza, kule Aix-en-Provence, Ufaransa. Miezi michache baadaye, wakati wa US Open, aliomba hifadhi Marekani, kwa sababu wakubwa wa nchi yake walitaka kumpangia wapi acheze na lini arudi. Nyumbani akafutwa. Magazeti ya serikali yakawa yanalikwepa jina lake hata aliposhinda Wimbledon.

Julai 1986 mashindano yakapelekwa Prague, kwenye uwanja mpya wa kisiwa cha Štvanice, katikati ya mto Vltava. Navratilova akarudi kwao kwa mara ya kwanza tangu aondoke, akiwa amevaa rangi za Marekani. Fainali ikawakutanisha na Czechoslovakia yenyewe. Alimfunga Hana Mandlíková 7-5, 6-1, Marekani wakashinda 3-0, na wananchi waliojaa jukwaani, ambao kwa miaka kumi na moja walikatazwa hata kumsoma gazetini, walimshangilia yeye kuliko wachezaji wa nyumbani. Serikali ilikuwepo palepale ikiangalia. Sijui tukio lingine la tenisi ambapo watu wa kawaida walisema kweli yao waziwazi namna ile, tena kwa makofi tu.

Je, nchi ya Afrika imewahi kulichukua? (Msomaji, Bujumbura)

Moja, Afrika Kusini, mwaka 1972, nyumbani Johannesburg, ilipoifunga Uingereza 2-1. Ushindi huo sitausherehekea. Ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na msichana mweusi wa Soweto hakuwa na nafasi kwenye timu ile hata angekuwa na kipaji cha namna gani. Mwaka 1976, mashindano yalipofanyika Philadelphia, Umoja wa Kisovyeti, Czechoslovakia na Hungary zilijitoa kupinga kuwepo kwa Afrika Kusini na Rhodesia (Zimbabwe ya leo).

Orodha ya mabingwa inaongozwa na Marekani yenye makombe 18. Czech inafuata na 11, ukijumlisha ya Czechoslovakia.

Mbona sisi hatuonekani? Kenya, Burundi, Uganda wanacheza wapi? (Msomaji, Dodoma)

Wanacheza, ila kamera haziendi. Nchi zinazoingia kila mwaka ni zaidi ya 100, na zimepangwa kwa madaraja. Nyingi za Afrika ziko daraja liitwalo Kundi la Tatu: timu zinakusanyika mji mmoja kwa wiki moja, zinagawanywa makundi, zinacheza karibu kila siku. Wanaoongoza hupanda Kundi la Pili, ambako hukutana na nchi za Ulaya. Juni 2023 wiki hiyo ilikuwa Nairobi, kwenye viwanja vya udongo.

Wachezaji wa kuwafuatilia wapo. Sada Nahimana wa Burundi amekuwa akiibeba nchi yake tangu akiwa kijana mdogo. Angella Okutoyi wa Kenya, aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alishinda Wimbledon ya vijana ya wawili wawili mwaka 2022 pamoja na Mholanzi Rose Marie Nijkamp, akawa Mkenya wa kwanza kupata taji la ngazi yoyote la Grand Slam, yaani mashindano manne makubwa kuliko yote ya tenisi. Fainali ile iliamuliwa kwa taibreki ya 11-9, yaani pointi mbili tu. Na upande wa pili wa wavu alikuwepo Victoria Mboko wa Kanada, ambaye wazazi wake wametoka Kongo, na ambaye Agosti 2025 alimfunga Naomi Osaka na kutwaa ubingwa wa Montreal.

Pointi mbili, basi! Kilichofuata ndicho kinachoniuma. Kanada ina makocha, viwanja vya ndani na mashindano ya kila wiki yasiyohitaji ndege mbili na viza tatu. Binti wa kwetu akitaka pointi za kupanda kwenye orodha ya dunia anaanza kwa kutafuta nauli. Kwa hiyo chama cha tenisi kinaposema mwaka huu hatupeleki timu ya wanawake kwa sababu ya bajeti, kisituambie kimeahirisha safari. Kimewanyima wasichana wanne au watano mechi ambazo wasingezipata popote pengine.

Kwa nini nyota wengine hukataa kuitwa? (Msomaji, Zanzibar)

Uchovu na ratiba. Hadi 2024 fainali zilikuwa zikibanwa mwishoni mwa msimu, mara nyingine katika bara jingine na juu ya uwanja wa aina nyingine. Siwalaumu sana. Hata hivyo, anayetaka kwenda Olimpiki anatakiwa awe ameitwa kwenye timu yake ya taifa mara kadhaa kabla ya michezo hiyo, na hapo simu za makocha huanza kupokelewa.

Binti yangu ana miaka 11 na anapenda raketi kuliko kula. Anaweza kufika huko? (Mama, Morogoro)

Mama, umri wa chini kabisa wa kucheza kombe hili ni miaka 14, kwa hiyo muda upo. Kwa sasa mtafutie wenzake wa kucheza nao angalau siku tatu kwa wiki, wakiwemo wavulana wanaomzidi. Muulize kocha wake kuhusu mashindano ya watoto ya chini ya miaka 12 na 14 ya kanda yetu, maana huko ndiko mataifa huanza kuwaona watoto. Na mcheze wawili wawili mapema. Wasichana wengi wa kwetu hufika kwenye timu ya taifa wakiwa hawajawahi kujifunza kusimama karibu na wavu, na mechi ya tatu huwa inaamuliwa pale.