Chai ya hoteli Deira

Mhariri, mmeuliza: "Ukisafiri nje ya nchi, chai ya asubuhi unainywa hotelini au mtaani?" Mimi nauza mabaibui Kariakoo na mzigo naufuata Dubai, kwa hiyo swali hili nimeshalilipia ada.

Safari ya kwanza nilifikia hoteli moja ya Deira, mtaa wa hukohuko Dubai, karibu na soko la Naif. Nilikuwa nimezoea gesti zetu: umelipia chumba, asubuhi unaletewa chai, chapati mbili na yai, habari imekwisha. Basi asubuhi tatu mfululizo nikashuka ukumbini, nakula kwa raha zangu, sahani naijaza mara ya pili. Hakuna aliyeniuliza kitu zaidi ya namba ya chumba. Siku ya kuondoka, teksi iko mlangoni, kijana wa mapokezi ananipa karatasi: dirhamu 135. Kila asubuhi 45. Kumbe chumba changu kilikuwa cha bei ya kulala tu. Karibu dola 37 zimeishia kwenye mayai ya kuvuruga! Kosa lilikuwa langu, sikusoma.

Tangu hapo nafanya hesabu nikiwa bado nyumbani. Chumba kilekile huwa na bei mbili, ya kulala tu na ya kulala na chai. Toa moja kwenye nyingine, gawanya kwa watu. Tukiwa wawili na tofauti ni dirhamu 30 kwa usiku, nachukua. Ikifika 80 naiacha. Na ile tozo ya utalii ya kila chumba kila usiku, dirhamu 7 hadi 20 kufuatana na daraja la hoteli, ni kitu kingine kabisa. Wengi huikuta kaunta wakadhani wamelipia chai.

Mtaani sasa. Vichochoro vya Naif na Sabkha vimejaa vikafeteria vya Wahindi wa Kerala, vingine havina hata kiti, unaagiza umesimama dirishani. Chai yao, karaki, ni majani makali yaliyochemshwa na maziwa ya kopo, sukari na iliki mpaka rangi inakuwa ya tofali. Kikombe ni cha karatasi, kidogo, kinachoma vidole, unakishika ukingoni. Porota ni ndugu wa chapati yetu ya kusukuma, ila ikitoka kwenye chuma wanaibana kwa viganja huku na huku ili tabaka zifumuke, kisha yai ndani, pilipili ya chupa, inaviringishwa kwenye karatasi. Safari yangu ya mwisho vyote viwili nililipa dirhamu 6.

Mbona basi bado kuna siku nalipia ya hoteli? Kwa sababu ya saa. Maduka mengi ya jumla kule yanafungua kama saa nne asubuhi, yanafunga saa saba mchana, yanarudi saa kumi mpaka usiku. Asubuhi yako ya kazi ni masaa matatu tu. Mwenye porota moja tumboni, saa tano na nusu anaanza kutafuta chakula wakati mwenzake anachagua vitambaa. Mimi ukumbini nashuka saa tatu, nakula fuuli, yale maharage ya Kiarabu, na mayai na mkate na matunda, halafu tumbo silikumbuki mpaka maduka yafunge. Ijumaa sihangaiki, maduka mengi hufungua baada ya sala. Nalala, nikiamka naenda dirishani kwangu.

Shoga yangu mmoja alibuni njia ya tatu. Tulilipia chai ya mtu mmoja, akashuka yeye, akawa ananifungia mayai mawili ya kuchemsha kwenye leso ya karatasi. Siku ya pili mhudumu akamsogelea taratibu, hakusema neno, akamwekea pembeni ya sahani vipakiti viwili vya chumvi.

Muuza mabaibui,
Kariakoo, Dar es Salaam